Mcheza Kwao Hutuzwa: Na Asiye na Kwao Je?

Nchi yetu ina watazamaji wa ngoma wengi kuliko wachezaji. Anayebisha aende kwenye mahafali ya sekondari yoyote. Atakuta wanafunzi mia sita wamekaa juu ya viti, madawati na matofali, wengine wameparamia madirisha, na mbele yao wenzao kumi na wawili wanacheza bugobogobo. Mgeni rasmi atapiga makofi, atainuka kuwatuza noti mbili tatu, halafu atasema yale tuliyoyazoea: vijana dumisheni utamaduni wetu. Sasa anamwambia nani? Hao kumi na wawili wanaudumisha tayari, jasho linawatoka. Wale mia tano themanini na nane waliobaki walishaambiwa zamani kwamba hawatakiwi.

Makala haya ni uhakiki wa ngoma hiyo. Wahakiki wetu wanahakiki riwaya, mashairi na tamthiliya, na vizuri wafanye hivyo. Lakini ngoma ya mgeni rasmi hakuna anayeigusa, ingawa ni sanaa ya jukwaani inayoonwa na vijana wengi kuliko tamthiliya yoyote iliyo kwenye orodha ya vitabu vya mtihani. Mimi nasema ni kazi ya sanaa kama nyingine. Ina umbo lake, ina kanuni zake, na ina watu iliowaacha nje. Tuisome basi kama tunavyosoma kitabu.

UMBO LAKE

Ngoma ya mgeni rasmi huchukua dakika saba, zikizidi sana kumi, maana ratiba ina kwaya, ngonjera, risala na hotuba, na wali unapoa. Wachezaji wanatokea nyuma ya darasa kwa mstari. Wapigaji wamebanwa pembeni kabisa. Wachezaji wanajipanga safu mbili, nyuso zote zinaelekea meza kuu. Kiongozi anapuliza filimbi, mtindo wa kwanza. Filimbi, mtindo wa pili. Filimbi, wa tatu. Mwisho wanapiga goti, wanatabasamu, wanatoka kama walivyoingia. Mavazi ni yaleyale kila shule: kanga au kaniki, katani kiunoni, njuga miguuni.

Sisemi wanacheza vibaya. Wengi wao ni wakali kweli. Ila jaribu kuziba masikio usisikie wimbo, halafu uniambie hiyo ngoma ni ya Wasukuma, ya Wamakonde au ya Wapemba. Utachemsha. Bugobogobo ni ngoma ya jembe, imetoka shambani kwa watu waliolima pamoja, na uzito wake uko mabegani na mgongoni. Msewe wa Pemba unaishi miguuni, palipofungwa njuga. Sindimba ya Wamakonde ni nyonga, hilo kila mtu analijua. Lelemama ya wanawake wa pwani haina papara hata kidogo: wanawake wamesimama kwa mstari, mwili umetulia, kazi kubwa inafanywa na mikono na kichwa. Hizo ni lugha nne tofauti za mwili. Zikishafika mbele ya meza kuu zote zinageuka lugha moja, kiuno na kasi, kwa sababu kiuno na kasi ndivyo vinavyochomoa noti mfukoni mwa mgeni rasmi.

Kwa mhakiki hii ni dosari ya sanaa kabla haijawa dosari ya haki. Mwandishi ambaye wahusika wake wote wanaongea sauti moja tunamwambia bado hajaiva. Mbona ngoma zetu zinapoongea sauti moja tunapiga vigelegele?

Jibu liko kwenye mchujo. Shule niliyosoma mimi, ya kutwa, hapahapa Dar es Salaam, mchujo ulichukua kipindi kimoja cha michezo. Mwalimu alionyesha hatua nne, tukazirudia kwa mistari, naye akapita kati yetu akigusa mabega. Aliyeguswa abaki. Asiyeguswa akachote maji ya kumwagia uwanja, ili siku yenyewe vumbi lisimfikie mgeni. Ukiwatazama waliobaki uliwaona wanafanana kama ndugu: kimo kimoja, wembamba, wepesi wa kunakili. Ukichagua watu wanaofanana, utacheza ngoma zinazofanana. Halina uchawi hilo.

WALIOCHOTA MAJI

Nani hakuguswa? Hebu tuwahesabu, maana kila mmoja ana mlango wake uliofungwa.

Yupo mwenye mguu mfupi. Huyo hata mstarini hakuitwa, alishazoea kutunza mikoba ya wenzake. Yupo asiyesikia vizuri, ambaye alichelewa filimbi nusu hatua. Yupo mnene. Yupo msichana ambaye baba yake hataki kusikia habari ya kutikisa kiuno mbele ya wanaume, na shule haikuwa na ngoma nyingine ya kumpa. Yupo mvulana aliyejiondoa mwenyewe kwa sababu nyumbani ameambiwa ngoma ni uhuni, aende akasome fizikia. Na yupo wa aina ambayo hatumtaji kabisa: anayeishi mbali. Mazoezi yanakwisha saa kumi na mbili jioni, na kila aliyesoma hapa mjini anajua kimbembe cha mwanafunzi kupanda daladala saa hizo. Konda akiona sare anageuza uso. Yule binti alikuwa anacheza kuliko wote walioguswa, lakini alikuwa anaishi ng'ambo ya mji.

Hakuna hata mlango mmoja kati ya hiyo uliofungwa kwa ubaya. Mwalimu alipewa wiki tatu na mgeni rasmi mmoja, akafanya kilichowezekana. Ubaya uko kwenye swali aliloulizwa. Aliulizwa: una kikundi? Hakuna aliyemuuliza: wanafunzi wako wangapi wanacheza?

SWALI LA 1962

Na swali hilo la pili si langu. Desemba 10, 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya, ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba ile alisema kwamba wengi wa watu waliosoma walijua kucheza rumba, chachacha na twisti, hata dansi za kizamani za Wazungu. Kisha akauliza ni wangapi wanaoweza kucheza, au hata waliowahi kusikia, ngoma kama gombesugu, mangala, kiduo na lelemama. Na angalia jina la wizara yenyewe: utamaduni na vijana viliwekwa chungu kimoja.

Ona neno alilotumia. Aliuliza wangapi.

Jibu lililokuja lilikuwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa, kilichoundwa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Wachezaji kutoka makabila mbalimbali walikusanywa wakafundishana ngoma zao, wakazicheza mbele ya Watanzania na mbele ya wageni. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa kwa kifupi. Sithubutu kuvidharau. Mmakonde kucheza ngoma ya Msukuma na Msukuma kucheza ya Mmakonde lilikuwa jambo jipya, na lilisaidia watu kujiona taifa moja. Bagamoyo imetoa wasanii ambao bila chuo kile tusingekuwa nao, na tamasha lake la kila mwaka linawakutanisha wachezaji wa nchi nyingi.

Lakini tusome jibu dhidi ya swali, kama wasahihishaji wa mtihani. Swali liliuliza wangapi, sisi tukajibu nani. Tukatafuta wachache watakaocheza kwa niaba ya wengi, kama mbunge anavyosema kwa niaba ya jimbo. Mwili hauna mbunge, bwana. Hakuna mtu anayeweza kukutolea jasho lako. Na shule zetu hazikuiga Kikundi cha Taifa katika ugumu wake wa mazoezi, ziliiga umbo lake tu: wachache mbele, wengi wamekaa.

Hapo ndipo duara likawa safu. Ngoma nyingi za kwetu zinachezwa kwenye duara au nusu duara. Aliye pembeni anapiga makofi, anaitikia wimbo, anaingia kati zamu yake ikifika, anatoka akichoka. Kwenye duara mtazamaji ni mchezaji ambaye zamu yake haijafika. Ukiwageuza wachezaji wote waelekee meza kuu, ukingo wa duara unakufa, na ukingo ndio uliokuwa darasa la wanaojifunza. Kiswahili chenyewe kinajua jambo hili. Neno ngoma ni kile chombo kinachopigwa, ni ule uchezaji, na ni shughuli nzima kwa ujumla. Mpigaji, mwimbaji, mpiga makofi, wote ukiwauliza wako wapi wanasema wako ngomani. Lugha haikuwagawa, ni ratiba ya mahafali iliyowagawa.

Hata hivyo tusidanganyane. Sina nia ya kuimba kwamba zamani ilikuwa pepo. Ngoma za kale zilikuwa na milango yake, na mingine ilikuwa ya chuma. Zilikuwepo za wanaume na za wanawake, za jando na za unyago, za waganga ambazo mtu wa nje hakusogea. Vyama vya lelemama katika miji ya pwani vilishindana kwa mavazi na gharama mpaka fukara akabaki anachungulia. Kwa Wasukuma, Bagika na Bagalu ni pande mbili zinazoshindana, na upande wako ni upande wako. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: rika lako lilipofika zamu, liliingia lote. Mnene aliingia, mwembamba aliingia, asiyejua aliingia ili ajue. Hukuguswa bega.

KWETU NI WAPI?

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Methali nzuri, na ndiyo anayoishika kila mgeni rasmi. Lakini kwa kijana wa mjini ni methali yenye mtego. Mama ni Mnyakyusa, baba ni Mzigua, wewe umezaliwa Temeke, na lugha pekee unayoiota usingizini ni Kiswahili. Ukiambiwa cheza ngoma ya kwenu, utacheza ipi? Wengi wetu tumejibu kwa kunyamaza. Tukachukuliwa kuwa tumepotea, tumezugwa na mambo ya nje. Kumbe tulikuwa tunasubiri mtu atuambie kwamba kwetu ni hapa tulipo.

Na kwetu hapa pana ngoma. Mdundiko wa Wazaramo umepita mitaa ya Dar es Salaam miaka mingi, mwali akitolewa au harusi ikifungwa, na kila aliyekulia huku anajua kwamba watoto huufuata mdundiko mpaka wakapotea njia ya kurudi. Mama zetu walituonya juu ya mdundiko kuliko walivyotuonya juu ya magari. Kwa nini tulifuata? Kwa sababu mdundiko haukuwa na mchujo. Hakuna aliyekuuliza kabila, hakuna aliyekugusa bega. Ulijiunga mkiani, ukajifunza kwa kumtazama aliye mbele yako, na kabla hamjafika mtaa wa tatu mwili ulishaelewa. Leo kuna singeli, iliyozaliwa mitaa ya Manzese na Tandale, na kasi yake wanaifundishana vijana wenyewe uchochoroni. Tumewahi kuona shule ya kucheza iliyo wazi. Tuliiona ikipita mlangoni.

Hapa baadhi ya washkaji watasema: basi yamekwisha, shule ya nini, mtaa unatosha. Nakataa. Mtaa hauna mchujo, lakini pia hauna ulinzi. Singeli ya usiku wa kigodoro si mahali ambapo kila msichana anaweza kwenda na kurudi salama. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu hawezi kuufuata mdundiko kwenye mashimo na mifereji. Asiyesikia hana mtu wa kumwekea mkono juu ya ngoma ili aupate mpigo. Mtaa unampokea kila anayeweza kufika, basi. Shule ndiyo pekee ambayo wote, au karibu wote, wameshafika. Wamo ndani tayari, mchana kweupe, na mwalimu yupo. Ndiyo maana nasema shule ikifunga mlango, imefunga mlango wa mwisho.

WALIOJARIBU

Wapo waliojaribu njia nyingine, na tuanze nyumbani. Penina Muhando, ambaye wengi wetu tunamjua kwa tamthiliya ya Hatia ya mwaka 1972, baadaye aliandika kwa jina la Penina Mlama akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye na Amandina Lihamba walianzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996, katika shule chache za sekondari. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: wanafunzi, hasa wasichana, wanakaa kutafuta matatizo yanayowakwamisha masomo, wanayachambua, kisha wanayageuza kuwa ngoma, nyimbo na maigizo, wanayachezea jumuiya ya shule, na baada ya hapo wanajadiliana wafanye nini. Baadaye mradi ulichukuliwa na FAWE, lile shirika la wanawake wa Afrika wanaopigania elimu ya wasichana, ukasambaa hadi nchi nyingine za bara hili.

Kwa mhakiki, tofauti kati ya Tuseme na ngoma ya mgeni rasmi iko mahali pamoja. Kwenye ngoma ya mgeni rasmi mchezaji anachaguliwa kwa sababu ya mwili alio nao. Kwenye Tuseme anaingia kwa sababu ya jambo alilo nalo. Yule binti anayeishi ng'ambo ya mji, ambaye konda anamkwepa, alikuwa na ngoma nzima ya kucheza: ngoma ya kituo cha daladala. Hakuna aliyeiomba.

Sasa tupande hadi Addis Ababa, Ethiopia. Mwaka huohuo wa 1996 Mwingereza mmoja mtunzi wa dansi, Royston Maldoom, alianza kufanya kazi na watoto wa mitaani wa jiji lile, wasio na viatu wala nauli. Kutokana na kazi ile likazaliwa kundi la Adugna. Wale vijana walifundishwa miaka kadhaa, wakawa wachezaji wa kulipwa na walimu wa wengine. Mwingereza mwingine, Adam Benjamin, akafika kuwasaidia kufundisha na kucheza pamoja na vijana wenye ulemavu. Fikiri jambo hilo: mtoto aliyekuwa akiitwa chokoraa anakuwa mwalimu wa mwenzake aliyekuwa akiitwa kilema. Nani amebaki wa kuchota maji hapo?

Benjamin alikuwa na historia. Mwaka 1991, huko Uingereza, yeye na Celeste Dandeker walianzisha kundi la Candoco, la wachezaji wenye ulemavu na wasio nao kwenye jukwaa moja. Dandeker alikuwa mchezaji stadi ambaye mwaka 1973 alianguka jukwaani akavunjika shingo, akaanza maisha ya kiti cha magurudumu. Alirudi jukwaani akiwa katika kiti hicho. Wakosoaji wa kwao walilazimika kujifunza upya namna ya kutazama, maana hukumu zao zote zilikuwa zimejengwa juu ya miguu miwili.

Siri ya walimu wa namna hii, sisi tunaoandika tutaielewa haraka, kwa sababu ni kazi ya tafsiri. Mtafsiri mbaya anafuata neno kwa neno, mzuri anatafuta maana. Mwalimu mbaya wa kucheza anasema: inua mguu wa kulia. Anayeweza kuuinua anauinua, asiyeweza anakaa. Mwalimu mzuri anajiuliza hatua ile inataka nini, halafu anasema: hamisha uzito wako upande wa pili. Mwenye miguu atahamisha kwa miguu, mwenye magongo kwa magongo, mwenye kiti kwa gurudumu, na anayeketi chini kwa kiuno na mikono. Wote wamecheza hatua moja na hakuna aliyefanana na mwenzake.

Turudi nayo kwetu tuijaribu. Bugobogobo ni jembe kupanda na kushuka, watu wengi kwa mpigo mmoja. Jembe halishikwi kwa miguu. Kijana aliyeketi anaweza kulicheza, na uzito wa jembe lake utasomeka kuliko wa yule anayeruka sarakasi ili atuzwe. Yule msichana ambaye baba yake hataki kiuno, kwa nini hakupewa lelemama, iliyokuwamo kwenye swali la 1962 na ambayo bibi yake mwenyewe pengine aliicheza? Na asiyesikia, mkaribishe karibu na ngoma kubwa, avue viatu, aweke kiganja kwenye ubao wake. Mpigo unapita kifuani na kwenye nyayo kabla haujawa sauti. Dar es Salaam tuna Uhuru Mchanganyiko, shule ya msingi ambamo watoto wenye ulemavu na wasio nao wanasoma pamoja. Kama wanaweza kukaa dawati moja wakajifunza hesabu, duara moja litawashinda nini?

NAFASI ILIYOPO

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu mitaala mipya iliyotolewa mwaka 2023 imeyapa sanaa na michezo nafasi yake kama somo katika shule za msingi. Kwa maneno mengine, kucheza kunaweza kutoka kwenye klabu ya jioni ya watu kumi na wawili kuingia kwenye kipindi cha darasa zima. Hii ni bahati ambayo kizazi changu hakikuipata. Na ni bahati inayoweza kuharibika mapema sana, kwa njia mbili ninazoziona.

Ya kwanza, ngoma itageuzwa kuwa notisi. Mwalimu ataandika ubaoni: taja aina nne za ngoma za asili na makabila yake. Mtoto atajibu bugobogobo, Wasukuma, atapata alama zote, na hatakuwa amenyanyua hata kidole. Ya pili, mchujo utahamia darasani. Kwa kuwa mwisho wa muhula panatakiwa onyesho, mwalimu atawachukua wale wepesi nane, na darasa litabaki likiwatazama kipindi hadi kipindi.

Dawa yake haihitaji fedha za wafadhili. Kipindi kianze kwa duara, na kila aliyemo darasani awe na kazi ndani ya duara hilo kwa zamu, leo kupiga, kesho kuitikia, keshokutwa kuingia kati. Kicheze ndani ya ratiba, ili anayeishi mbali asiadhibiwe kwa umbali wake. Mwalimu achukue ngoma za miendo tofauti, ya miguu, ya mikono, ya mabega, ya utulivu, ili kila mwili upate angalau moja inayoupokea bila kuuliza maswali. Na alama zitolewe kwa kutunga na kushirikiana, tusizitoe kwa kunakili tu. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yabaki kwa wanaotaka kushindana, hakuna ubaya. Mpira una ligi, lakini mtoto haombi kibali cha ligi ili acheze chandimu.

Najua nitakachoambiwa. Ubora utashuka, eti. Nimekwisha kuonyesha kwamba ubora tulio nao ni wa ngoma nne kugeuka moja, kwa hiyo sijui tunalinda nini. Wachezaji bora hutoka kwenye wachezaji wengi, kama waandishi bora wanavyotoka kwenye wasomaji wengi. Nitaambiwa wazazi na dini hawatakubali. Mzazi anayekataa kiuno hajakataa ngoma, amekataa kiuno, na utajiri wa nchi hii ni kwamba zipo ngoma nyingi za kumwonyesha. Nitaambiwa walimu hawajui. Kweli, wengi hawajui, kwa sababu nao walichota maji walipokuwa wanafunzi. Wajifunze ukingoni mwa duara pamoja na watoto, na yule bibi muuza maandazi wa nje ya geti, anayejua ngoma tatu, aitwe ndani awe mgeni rasmi wa kweli kwa nusu saa.

Limebaki fungu letu sisi wenye kalamu. Katika hadithi zetu kuna wapiga gitaa, kuna mabondia, kuna malaya wa baa na madereva wa malori. Kijana anayejifunza kucheza ni nadra, na mwenye ulemavu akiingia kwenye hadithi huingia ili aonewe huruma au apone muujiza ukurasa wa mwisho. Tumwandike akiwa kati ya duara, akiwa na zamu yake, akikosea hatua na kuchekwa kama wengine. Na tuanze kuhakiki ngoma za shule kwa ukali uleule tunaohakikiana sisi kwa sisi, tukiuliza swali la mwaka 1962 kama lilivyoulizwa: wangapi?

Anayeona nimezidisha chumvi aandike, tubishane. Kurasa zipo.